Mama Mkwe Kwenye Dimbwi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea kibanda cha Pancha, mziba matairi, na birika la kahawa halikosekani kwenye jiko la mkaa kando yake. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyolowesha shati lakini inaitelezesha lami, na kesi ilikuwa moja tu. Jana Taratibu, dereva wa pikipiki tuliyempa jina hilo kwa kumkejeli, alimwangusha mama mkwe wake kwenye dimbwi la tope. Mama hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini leo ana miadi kwa daktari wa macho, na amesema haipandi tena pikipiki ile, atakwenda kwa miguu. Mke wa Taratibu amenuna tangu jana. Jamaa anakunywa kahawa kama anakunywa dawa, nami nilimhurumia, ingawa kicheko kilinibana.

– Nilikanyaga breki ya nyuma, nikaikanyaga haswa, akasema. Tairi likagoma kuzunguka, pikipiki ikalala ubavu.

– Na ya mbele? nikamuuliza.

– Niliichomoa waya zamani. Ya mbele inapindua mtu.

Hapo kijiwe kikachangamka. Pancha akamuunga mkono, eti breki ya mbele kiwanda kiliiweka kwa urembo tu. Kanali, mlinzi ambaye jeshini hajawahi kutia mguu, akasema breki zote ni za waoga. Kwenye maji mwanamume anashusha gia na kuburuza miguu yote miwili, ndiyo maana viatu vyake vinaisha visigino. Mimi ndiye ninayevishona viatu hivyo, na najua vinaisha kwa uvivu wa kunyanyua miguu, ila nilinyamaza kulinda biashara.

Pancha akaona anazidiwa, akatoa mpya. Kosa ni heshima, akasema. Mtu akimpakia mama mkwe anaogopa kumgusa hata kwa mgongo, basi anasogea mbele mpaka anakalia tangi, huko nyuma tairi linabaki jepesi. Tukamgeukia Taratibu. Akakiri kweli jana alikalia tangi njia nzima, hata magoti yalikuwa yanagonga usukani. Kanali akapendekeza pikipiki zote za wakwe zifungwe pazia katikati.

Tulikuwa bado tunacheka pale mama mkwe mwenyewe alipotokea nyuma ya kibanda na mwavuli wake. Tukasimama wote kumwamkia. Akaitikia vizuri, akakataa kikombe, akamwangalia mkwewe.

– Habari za breki nimezisikia, baba. Ila jana ulikuwa unawahi wapi?

Jana walikuwa wanatoka sokoni kurudi nyumbani, na nyumbani hata moto ulikuwa haujawashwa. Pancha akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Niliona aibu kwa ajili yetu sote, maana muda wote tuligombania namna ya kusimama tu, mwendo hakuna aliyeuuliza.

– Sikuwa nawahi popote, mama, Taratibu akasema mwishowe. Nisamehe.

Mama akafunga mwavuli.

– Basi mwambie mwenzio aurudishe huo waya, unipeleke hospitali. Na leo kaa kwenye kiti. Mimi sing'ati.

Pancha aliurudisha waya bila nadharia hata moja. Taratibu akamvalisha mama kofia ngumu, akaijaribu pikipiki papo hapo mbele ya benchi, breki mbili kwa pamoja, kwa upole, ikasimama wima. Moyo wangu ukatulia. Kisha wakaondoka. Kabla ya kona akaanza kupunguza mwendo mapema, mbali kabisa na dimbwi la jana, akazidi kupunguza, mpaka msukuma mkokoteni mmoja mwenye magunia akawapita, na mama mkwe akampungia mkono.