Mwalimu wa Darasa la Ghalani

Ndugu waombolezaji, karatasi hii imeandikwa na Mchungaji Method, mtoto wa dada wa marehemu, naye ndiye anayeisoma, na mjane, Mama Nyanjige, amemwagiza asiruke hata mstari mmoja.

Mwinjilisti Yakobo Ngeleja alizaliwa Mwandoya tarehe 14 Agosti 1951, akachunga ng'ombe wa baba yake hadi alipoanza shule mwaka 1960, akamaliza chuo cha Biblia mwaka 1976, akapangiwa Mwamapalala, na tarehe 6 Oktoba 1979 akafunga ndoa na Nyanjige, wakajaliwa binti mmoja, Goodness.

Mwaka 1988 mama yake, Shija, alifariki bila kubatizwa, wazee wa kanisa wakakataza jina lake kutajwa katika ibada. Yakobo hakugombana na mtu, alirudi kwenye Biblia yake, na baada ya mavuno akaanza kuwafundisha wainjilisti wa Mwandoya na Lalago, ndani ya ghala lake la pamba, kwamba Mungu anayewajua wazee wetu kwa majina hawezi kukasirika tukiwataja katika shukrani ya mavuno, mradi tusiwaombe kitu wala kuwachinjia ng'ombe. Fundisho hilo likaitwa Darasa la Ghalani, na aliyeliandika daftarini ni Method.

Tarehe 11 Machi 2006 Yakobo aliitwa mbele ya baraza, akashtakiwa kuingiza matambiko kanisani, na Method alipoulizwa kama mjomba wake alifundisha kuwaomba wafu, huku daftari lenye jibu likiwa mkobani mwake, alisema hakumbuki. Marehemu akaondolewa madhabahuni, akabaki na jembe lake. Mwaka 2016 Method alichapisha daftari lile kuwa kijitabu kwa jina lake mwenyewe, leo kinafundishwa hadi Bariadi mjini, na humo wafu wametajwa wengi, mwalimu hakutajwa. Method anaona aibu kubwa kulisoma hili mbele yenu.

Marehemu alianza kuugua figo Novemba 2024. Method alipokwenda kumwona, aliombwa jambo moja tu, amsomee kijitabu kile, akasoma chote machozi yakimtoka, na mzee akamwambia mkewe kwamba kimeandikwa vizuri. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, Method akiwa bado hajathubutu kumwomba msamaha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, na wainjilisti wa Darasa la Ghalani, ambao miaka yote walijua fundisho lile ni la nani, wakamstahi Method wasimwaibishe.

Kwa kuwa alifundisha kwamba wafu watajwe, naye atajwe leo: Yakobo, mwana wa Ngeleja na Shija, mwalimu wa Method. Pumzika kwa amani.