Mlisheni Nazdana Makomamanga

Sogeeni karibu, Toryal, na wewe Wazhma niinulie mto, na huyo mama yenu mdogo abaki hukohuko jikoni, maana haya ni yangu na wanangu.

Mnakumbuka daktari wa Kandahar alivyotupima siku moja, mimi na mke mwenzangu. Kwangu aliguna, akasema mishipa ya damu imekakamaa kama bomba kuukuu na moyo umechoka kusukuma. Nazdana, ambaye nimemzidi miaka minne tu, akaambiwa mishipa yake bado laini, kwani anakula nini? Naye, kwa ile sauti ya unyenyekevu inayonitia kichefuchefu, akajibu, "Nakula kinachobaki, daktari. Makomamanga yaliyopasuka, vitunguu, mboga za majani." Daktari akasema huenda ndiyo siri, kwamba katika wekundu wa komamanga na ukijani wa majani mna vitu vinavyosaidia mishipa isizeeke upesi.

Mnasikia balaa hilo? Tangu marehemu baba yenu alipomleta, ufunguo wa ghala ulikuwa kiunoni mwangu. Mafuta ya mkia wa kondoo nilikula mimi, mke mkubwa, pamoja na wali unaong'aa samli, na yeye nikamtupia matunda waliyoyakataa wachuuzi, nikitaka akonde, baba yenu amchoke. Kumbe nilikuwa namtunza. Wivu unanikaba, wanangu, kuliko hata huu moyo.

Shamba ni la Toryal. Bangili ni za Wazhma, azivae mbele ya yule ili azione. Mnizike ubavuni mwa baba yenu, msikubali mtu anitangulie mahali pale.

Nimelia sana kwamba naondoka namwachia nyumba. Lakini leo, nikiwa nimelala hapa, nimefikiri vizuri. Tangu yule aingie, sikuwahi kuwa na mume wangu bila kusikia nyayo zake ukumbini. Sasa nakwenda kwa baba yenu mimi kwanza.

Kwa hiyo ufunguo mpeni. Mchagulieni makomamanga mazima, yale ya kuuza, na mafuta asiguse. Akikohoa tu, mbebeni hadi kwa daktari... Ngojeni nipumue. Mungu awape umri mrefu, awape watoto wenye heshima, na yeye pia ampe umri, ampe mwingi kabisa.

Nishike mkono, Wazhma. Mwambieni asiharakishe kuja.