Mkanda, Dereva wa Gari la Wagonjwa

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mkanda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Baba alikuwa fundi cherehani. Mimi ninayesoma ni dada yake mdogo.

Alisoma shule ya msingi mtaani hapo, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umakanika mwaka 1981. Mama alizoea kulalamika kwamba kijana huyu hagusi daftari bila kuliachia grisi.

Mwaka 1984 aliajiriwa na kituo cha afya kuendesha gari la wagonjwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Kabla hajakaa sana kazini, mpira wa maji wa rejeta ulipasuka njiani akiwa amembeba mama mjamzito. Hakuwa na mpira mwingine. Mama yule hakufika hai, wala mtoto. Tangu hapo kaka hakungoja kitu kikatike. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, aliibinya mipira yote; uliolegea au kuvimba aliung'oa. Mkanda wa feni ulioanza kutoa nyuzi aliutupa. Nyuma ya kiti alibeba mikanda na mipira ya akiba, spana na dumu la maji. Wauguzi ndio waliompa jina lile.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na wifi yangu, mpishi wa shule. Siku hiyo gari la wajomba lilikwama, bwana harusi akavua koti na kuinamia injini. Bibi harusi alipoiona mikono yake alisema, "Haya, pete nivishe hivyo hivyo, ila gauni usiliguse!"

Mwaka juzi moyo ulianza kumlemea. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi. Gari lake dogo lilikaa tu uani. Alinunua mkanda mpya wa feni, akauweka kwenye buti la gari pamoja na spana na dumu la maji, akasema ataufunga akipata nafuu. Nafuu haikuja.

Asubuhi ya tarehe 4 mwezi huu alizidiwa. Wifi alishika usukani, mimi nikampakata kaka nyuma. Katikati ya njia taa nyekundu iliwaka, mvuke ukafuka, gari likazimika. Mkanda ulikuwa umekatika. Tulipunga mikono mpaka tukachoka, magari yalipita. Wifi aliushika ule mpya, akalia, "Baba watoto, nifanyeje?"

"Legeza nati ya jenereta," kaka alisema, kila neno na pumzi yake. "Sukuma jenereta ndani. Valisha. Sasa ivute nje... kaza."

Alikaza, vidole vikivuja damu.

"Ngoja ipoe. Halafu maji."

Sisi tungengojaje? Lakini tulingoja. Gari likawaka. "Kaka, limewaka!" nikamwambia. Aliitikia kwa kichwa.

Tulifika hospitali injini ikiunguruma vizuri kabisa. Daktari alifungua mlango, akamgusa shingo, kisha akanishika mkono. Kaka alikuwa ameshakata roho, na mimi bado namwambia tumekaribia.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne na sisi ndugu zake wawili. Tangu siku ile wifi hali, halali; ananiuliza jambo moja tu, kama alikaza sawasawa. Wifi, nakujibu mbele ya watu wote hawa: ulikaza sawasawa.

Mungu ampe kaka yetu pumzi ndefu na usingizi mtulivu.