Nailoni ya Muhogo Niliyoianika Juani

Vijana mtakaosoma haya, niliyasema mbele ya kina mama wa kikundi chetu hapa Tandale, yakaandikwa kama nilivyoyatamka. Shule niliishia la tatu. Msinisahihishe, sikilizeni.

Ndugu zangu, sie tulikuwa tunatengeneza nailoni ya kufungia visheti, siyo ya kiwandani, ya wanga wa muhogo. Unapika wanga na maji na glisirini ya kulainisha, unamwaga kwenye sinia, ikikauka unaibandua. Ubaya wake, ilinyonya unyevu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliyesomea kemia, akatufundisha kutia unga wa ndimu, ule mchachu, na nailoni ikishakauka iingie kwenye oveni ya mkaa. Alisema moto ndio unaoushikanisha wanga na ule uchachu, maji yakose pa kuingilia.

Nikamjibu, "Mwanangu, kwetu kusini muhogo unaanikwa juani tangu enzi za bibi yangu. Oveni ya nini?"

"Mama, yale ni makopa ya kula. Hii ni kemia."

"Basi hiyo kemia yako ikale mkaa wako."

Alipokwenda kujifungulia kwao, nikaanika nailoni zote juu ya bati. Zikakauka, zikang'aa. Tukafunga visheti vya sikukuu, vikaenda duka moja la Sinza. Mvua zikashika. Siku ya nne mwenye duka akarudisha vyote: nailoni utelezi mtupu, visheti vimeota ukungu. Akasema hataki tena bidhaa zetu. Kina mama kumi na wawili mkakosa kazi kwa ubishi wangu. Na mie, nawaambia ukweli, niliwatangazia kwamba mkwe ndiye aliyekosea vipimo. Nilimsingizia mzazi.

Akarudi na kichanga chake. Hakugomba. Mbele yenu aliweka vikombe viwili vya maji, akatumbukiza kipande changu, na kimoja chake cha zamani kilichopita kwenye oveni. Changu kikawa uji. Chake kilivimba kidogo, akakikunja, hakikukatika. Mmoja wenu akacheka, "Bibi, kunywa uji wako." Nilistahili.

Hapo hapo, mie mama mkwe, nikasema: ni mimi niliyeanika juani. Nisamehe, mwanangu.

Nawashukuru mliopika upya wiki tatu bila kuninunia, na mwenye duka aliyekubali kujaribu pakiti tano. Zimevuka mvua. Nilichojifunza ni hiki: ukikosea, sema mwenyewe kabla hujamtwisha mwenzio.

Nyumbani nimeshaagiza: nailoni haitoki kwenye oveni mpaka mkwe aseme. Nikiigusa mimi, ninyang'anyeni sinia.