Kasia Lililokuwa Juu ya Boriti: Maisha ya Clifford Tranter, 1939–2024

Clifford Arthur Tranter alizaliwa tarehe 11 Februari 1939 katika Mtaa wa Kinu, Hallowford, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Stanley Tranter, mchoraji wa mabango ya maduka, na Bi. Enid. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu aliijua harufu ya vanishi kabla ya harufu ya maziwa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo mtaani, kisha shule ya wavulana ya mji hadi Julai 1954. Hakuwa mtu wa vitabu, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu mkuu akamwita aandike majina kwenye vyeti vya waliofaulu. Lake hakuliandika, kwa kuwa hakufaulu. Kila aliposimulia kisa hicho, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Septemba 1961 aliajiriwa kuwa fundi wa banda la mashua la klabu ya chuo kikuu, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu Juni 2004. Kila Juni huwa na mashindano ya siku nne. Mashua hupangwa moja nyuma ya nyingine, na kila moja hujitahidi kuigonga iliyo mbele yake. Wanaogonga siku zote nne hupewa kasia moja la mashua yao, na kwenye bapa lake fundi huandika kwa rangi ya dhahabu majina ya wote tisa, wapiga makasia wanane na mshika usukani, pamoja na uzito wa kila mmoja. Mwandiko wa Clifford umetundikwa kwenye kuta za nyumba nyingi za nchi hii, zikiwemo za majaji wawili na askofu mmoja.

Tarehe 14 Aprili 1963 alimwoa Sheila Gathercole, aliyekuwa akiuza mikate. Walifahamiana Clifford alipopewa kazi ya kuandika jina la duka kwenye kioo. Herufi kumi tu, naye akazimaliza kwa wiki tatu, hadi mwenye duka akauliza kama anaandika Biblia. Walijaliwa watoto wawili, Nigel na Lorraine, ambaye baba yake alimwita Lo. Sheila alitangulia mwaka 2009.

Kuna jambo ambalo familia hii imelisimulia vibaya kwa miaka arobaini, na leo inabidi lisemwe jinsi lilivyokuwa.

Wanawake walianza kupiga makasia katika klabu ile mwaka 1979. Walipewa mashua pana na nzito ambayo wanaume walikuwa wameitupa. Walibadilisha nguo nyuma ya makopo ya vanishi, maana chumba chenye kitasa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha wanaume.

"Bwana Tranter, mashua hii inavuja," nahodha wao, Philippa Storrow, alimwambia asubuhi moja, miaka mitano baadaye.

"Haivuji, binti. Inatoka jasho kwa aibu."

"Basi leo itatoka jasho hasa. Wewe kaa ukingoni utazame."

Alikaa, akatazama. Mwaka huo, 1984, waliigonga mashua ya mbele siku zote nne. Wanaume wa klabu hawakugonga hata mara moja.

Jumatatu tarehe 18 Juni walikuja bandani wote tisa, wamebeba karatasi yenye majina yao, ili waandikiwe kasia. Kabla hawajafika, Clifford alikuwa amelipandisha juu ya boriti. Akamgeukia binti yake Lorraine, aliyekuwa na miaka kumi na minane na kazi yake bandani ilikuwa kuchemsha chai na kufuta mashua.

"Lo, waambie limepasuka. Wewe ni msichana mwenzao, watakuamini."

Nyumbani tulizoea kusema kwamba wakubwa wa klabu ndio waliomwagiza. Si kweli. Hakuna aliyemwagiza. Yeye mwenyewe alisema kwamba kasia la wanawake likitundikwa ukutani, ya wanaume yatakuwa kama mapambo ya baa.

Lorraine alisimama mlangoni na birika mkononi. "Limepasuka," akasema. "Tulilichoma jana pamoja na takataka."

"Kasia letu?" Philippa aliuliza. "Jumamosi lilikuwa zima!"

"Ndiyo hivyo. Lilikuwa bovu kwa ndani."

Mshika usukani wao, Judith Penhale, alikuwa msichana mfupi mwenye sauti iliyozidi umbo lake, lakini siku ile hakuipaza. Aliinua macho juu ya bega la Lorraine hadi kwenye boriti. Akaliona. Kisha akamtazama Lorraine usoni, akasubiri. Lorraine akainamia birika lake.

"Asante kwa kutuambia, Lorraine," Judith alisema. Akamwachia ile karatasi ya majina, wakaondoka.

Mchana ule Clifford alimnunulia binti yake samaki na chipsi. "Umeongea kama wakili," alimwambia, naye akacheka. Wala Lorraine hakudanganya kwa kumwogopa baba yake. Wasichana wale walikuwa rika lake. Wao walisoma, yeye aliacha shule akawa anaosha vikombe vyao, na kwa dakika ile moja alifurahi kuwa na kitu ambacho wao walikitaka wakakikosa.

Alipostaafu, Clifford alilileta kasia nyumbani na kulilaza juu ya boriti za gereji. Karatasi ya majina ilikaa kwenye kopo tupu la rangi yake ya dhahabu.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na maradhi ya kutetemeka. Miaka miwili baadaye Kerry, binti wa Lorraine, alikwenda chuo cha kaskazini, akaanza kupiga makasia. Kila wiki mama yake alimpigia simu kuuliza kama mashua ni nzima na kama chumba cha kubadilishia kina kitasa.

"Mama, mashua yetu ni mpya kuliko ya wavulana," Kerry alimjibu. "Wao ndio wanalalamika."

Juni 2022 Kerry mwenyewe alipiga simu. "Babu! Tumegonga siku zote nne! Utaniandikia kasia langu?"

"Kwa mkono upi, mjukuu wangu?" alijibu. Simu ilipokatwa aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Lo, lile bado lipo juu?" Lorraine hakuuliza lipi.

Alianza na lile. Alisema Kerry angoje, wale wamengoja zaidi. Aliegemeza mkono kwenye fimbo, na jina moja lilimchukua wiki, mengine mwezi. Baridi ya mwaka jana ilipoanza alikuwa amemaliza manane. Akampa Lorraine brashi.

"La Judith andika wewe. Wewe ndiye uliyemdanganya."

"Na wewe ndiye uliyenituma, Baba."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mwanangu. Usiivute brashi. Iache itembee."

Jina lilienda upande. Lorraine alitaka kulifuta, baba yake akamkataza. "Liache. Wakiuliza, sema mkono ni wako."

Januari Lorraine aliwaandikia wote tisa. Watano walijibu. Philippa Storrow aliandika kwamba hatakuja, na kwamba miaka arobaini ni mingi mno. Clifford aliomba asomewe barua hiyo mara mbili. Judith hajajibu.

Clifford alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Lorraine na Kerry wakiwa kando yake.

Ameacha mtoto wake Nigel. Binti yake Lorraine na mkwewe Barry Meek. Na mjukuu wake Kerry.

Kasia limeegemezwa kando ya mlango wa kanisa. Uzito haukuandikwa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Kerry atalikabidhi kwa yeyote kati ya wenyewe atakayefika: Philippa Storrow, Anthea Lyle, Ruth Cobbold, Hilary Dunstan, Marguerite Fenn, Sian Prosser, Caroline Outhwaite, Beatrice Kell na Judith Penhale.

Mungu ampe Clifford pumziko.

Na kama Judith yumo humu, au karatasi hii ikimfikia popote alipo: halikupasuka. Lilikuwa juu, pale pale ulipotazama.