Zamu ya Mama Rispah Naliaka, 1908–1956

Leo Jumamosi, tarehe 26 Mei 1956, tumekuja hapa Kabuchai kumsindikiza Mama Rispah Naliaka. Alizaliwa hapa hapa mwezi wa Mei 1908, watu wakiwa katikati ya palizi, ndiyo sababu akaitwa Naliaka. Shule aliipata miaka miwili tu, katika darasa la kanisa, akajua kusoma Injili na kuandika jina lake. Baba yake akasema inatosha. Haikumtosha, na hakuacha kulisema hilo.

Mwaka 1926 aliolewa na marehemu Wabwile, wakahamia shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale. Wabwile aliendesha mkokoteni wa ng'ombe, naye Mama alipukuchua mahindi. Walipewa kipande cha kulima chakula chao. Huko ndiko Mama na wenzake, akina Jerono na Nyaruai, walianza kupaliliana. Hawakuwa na mkubwa. Asubuhi walikutana kisimani, wakasikilizana nani mgonjwa na shamba la nani limezidiwa na magugu, wakaenda huko. Nyaruai alipojifungua mwaka 1934, kesho yake majembe kumi na moja yalikuwa shambani kwake. Mzungu akapita, akauliza nyapara wao ni nani. Wakatazamana. Nyaruai akamwinua mtoto, akasema, "Leo ni huyu, bwana." Mama alicheka kila alipoisimulia.

Wabwile alifariki mwaka 1947. Miaka miwili baadaye mzungu akapunguza watu, Mama akarudi Kabuchai na watoto wake, Festus na Peris. Akaanzisha kupaliliana hapa kwetu. Walifika wanawake kumi na tisa, na hakuna shamba lililomezwa na magugu.

Mwaka jana bwana mmoja wa maendeleo alikuja akasema kikundi kisicho na mwenyekiti, sheria wala daftari hakitambuliki, na kwamba kikitambulika kitapewa majembe mapya. Mwenyekiti akachaguliwa Mzee Barasa, ambaye hajawahi kupalilia hata mboga za mkewe. Yuko hapo mbele, kwenye kiti. Daftari liliandikwa na Festus, karani huko Bungoma, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye anayewasomea haya. Alipanga zamu za Jumanne na Alhamisi kwa herufi za majina, kama alivyofundishwa shuleni. Akaandika pia kwamba atakayepaliliwa nje ya zamu ataondolewa kikundini.

Mama alimwambia, "Festus, hii kitu iko hai. Dinah asipofika kisimani, mimi najua mtoto wake ako na homa. Daftari yako itajua nini?"

Festus akamjibu kwamba dunia imebadilika. Alikuwa na kalamu mpya mfukoni na alijiona mtu. Majembe hayakuja. Wanawake wakaacha kungojana kisimani, maana hakukuwa na la kuamua tena.

Mwezi wa Machi mwaka huu Mama alianza kuugua kifua. Palizi ilipofika, jirani yake Dinah alimfuata Festus. "Mama yako anakohoa sana. Si tuanzie kwake kesho? Ama ati mpaka zamu ifike?"

"Mama Dinah, yeye ni wa kumi na nane. Nikiwaruka watu, watasema ni kwa sababu ni mama yangu." Mzee Barasa alimsifu kwa jibu hilo.

Tarehe 15 Mei, mvua ikinyesha, Mama alichukua jembe akaenda kupalilia peke yake. Alimaliza mistari mitatu. Dinah alimkuta ameanguka kwenye wa nne. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 24 Mei, saa nne asubuhi. Hakumlaumu Festus hata mara moja. Angemlaumu, ingekuwa afadhali.

Ameacha watoto wawili, Festus na Peris, wajukuu watano, na wanawake kumi na wanane waliompenda.

Jana asubuhi wanawake hao walikutana kisimani bila kuitwa na mtu. Walipalilia shamba lake lote, nje ya zamu, wala hawakumwomba mwenyekiti ruhusa. Walilipalilia ili jeneza lipate pa kupita.

Kwenye daftari, zamu ya Rispah Naliaka ni Alhamisi ijayo, tarehe 31 Mei.

Mama, pumzika sasa kwa amani.