Mama Turubai, Fundi Aliyeshona Seli

Tunayemsindikiza leo, ambaye karibu kila mtu alimwita Mama Turubai, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe. Mama yao alifariki kitindamimba akiwa bado ananyonya, na tangu hapo mgongo wa dada ukawa ndio kitanda cha mdogo wake. Mtoto yule hakulala penye kimya. Ilibidi alazwe jikoni, watu wakipiga soga, ndipo afumbe macho. "Huyu atakuwa mwanasiasa au kasuku," baba yao alisema. Akawa mwalimu, na Marehemu alipenda kusema kwamba hiyo ni kazi ya wote wawili kwa mshahara wa nusu mtu.

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Januari 1967 alijiunga na chuo cha ufundi, darasa la ushonaji wa maturubai, akiwa msichana pekee. Siku ya kwanza mkufunzi alimwonyesha njia ya kwenda darasa la upishi, akidhani amepotea. "Sijapotea, Mwalimu," alijibu. "Nimechelewa tu." Akavuta kiti, akaketi. Alihitimu tarehe 28 Novemba 1969.

Aliajiriwa katika karakana iliyokuwa nyuma ya soko, akishona mahema na vifuniko vya malori, na baadaye akaimiliki. Hapo ndipo alipofahamiana na dereva mmoja ambaye turubai la lori lake lilichanika kila safari, ingawa barabara yake ilikuwa ya lami tupu. Siku moja Marehemu aliukagua mpasuko, kisha akainua macho.

"Kaka, huu umekatwa kwa kisu."

"Basi, dada, shona polepole."

Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 14 Juni 1988 mdogo wake, yule kitindamimba, alikamatwa kwa hotuba aliyoitoa kwenye mkutano wa walimu. Aliwekwa seli ya peke yake, katika ujia wa wafungwa wa kisiasa. Taa haikuzimwa usiku wala mchana, na askari walikatazwa hata kuitikia salamu yake. Marehemu aliporuhusiwa kumwona, mwaka ulikuwa umepita na zaidi. Alimkuta akiongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeazima maneno, huku akimtazama dada yake mdomoni badala ya machoni. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, "Hawampigi, Baba Watoto. Wanamfuta."

Hivyo ndivyo fundi wa maturubai alivyojiunga na kampeni ya watu wa nchi nyingi, wakiwamo mawakili, madaktari na wanafunzi, waliodai wafungwa wa aina hiyo watendewe kama binadamu. Aliitwa kuzungumza katika miji ya mbali, kwenye kumbi zenye baridi. Watu walimsikiliza, wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Baada ya mkutano wa tatu alimwambia wakili aliyeiongoza kampeni, "Wanatusikia kwa masikio tu. Acha niwashonee, wakae ndani."

Akashona seli ya turubai la kijivu: kuta nne, dari, na mlango wa kufunua kwa mkono, yote ya kukunjwa ndani ya begi moja. Vipimo alivipata kwa mdogo wake, aliyemhesabia kwa shubiri juu ya meza ya wageni gerezani. Ilipokamilika, aliingia kwanza mzee mmoja mpiga chapa, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kufungwa hivyo katika nchi nyingine. Aliketi, akanyoosha mikono pande zote, akatoka taratibu.

"Mama, hii imeongezwa."

Marehemu aliupapasa mshono. "Nimeongeza shubiri moja kila upande. Nilijaribu kukata sawasawa, mkono ukakataa."

"Huruma yako nimeiona, mama yangu. Lakini sisi hatukuongezewa."

Hakubisha. Alasiri ileile aliifumua, akaishona upya kwa kipimo chake cha kweli. Mumewe alisimulia kwamba hakuwahi kumwona akishona kazi ndogo kwa muda mrefu namna ile.

Seli hiyo ilisimamishwa mbele ya stesheni, vyuo vikuu na majengo ya bunge katika nchi nyingi. Kila aliyepita alikaribishwa kukaa robo saa. Waziri mmoja wa nchi ya kigeni aliingia akitabasamu, akatoka muda haujatimia, akaomba maji. Marehemu alimmiminia mwenyewe.

"Mlango haukufungwa, mheshimiwa."

"Najua," waziri alisema. "Niliusahau."

Waziri huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja suala hilo mbele ya mataifa.

Mapema mwaka 1992 afisa mmoja wa serikali alifika karakanani. Alikuwa mtu wa adabu. Aliamkia, akaulizia watoto, akausifu ushonaji. Kisha akasema, "Mama, kunja turubai lako. Wiki ijayo mdogo wako atahamishiwa bweni la wafungwa wengine, ale na watu, alale na watu."

"Na wenzake wa ujia ule?"

"Wenzake wana dada zao."

 Marehemu aliomba kwanza akamwone mdogo wake, akakubaliwa. Waliomjua wanajua alikwenda akiwa tayari kukubali. Mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa anapotea mbele ya macho yake. Alimweleza yote. Mdogo wake akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, jirani yangu wa ukutani hana dada. Mimi hugonga, naye hugonga. Nikiondoka, nani atamjibu?"

"Na wewe je? Utahimili?"

"Sijui, Dada. Nisikudanganye. Sijui."

Alirudi nyumbani akilia njia nzima, hakujali nani anamtazama. Kesho yake aliikunja seli, akaituma kwa meli katika nchi ambayo ilikuwa haijafika. Adhabu haikukawia: alizuiwa kumtembelea mdogo wake kwa zaidi ya mwaka, na katika muda wote huo hakujua kama uamuzi wake ulikuwa umemuua.

Tarehe 9 Septemba 1993, baada ya shinikizo la nchi nyingi, iliamriwa kwamba wafungwa wote wa ujia ule watolewe uani pamoja kila siku, wapate barua, na taa zizimwe usiku. Mdogo wake husimulia kwamba siku ya kwanza walisimama juani bila kujua la kusema, mpaka mmoja akapiga chafya, wote wakaangua kicheko. Aliachiwa huru tarehe 5 Mei 1996.

Marehemu aliendelea na kampeni kwa ajili ya wafungwa wa nchi nyingine hadi moyo wake ulipoanza kusumbua mwaka 2021. Alipolazwa, marafiki wa ng'ambo walijitolea kumlipia chumba cha faragha. "Cha peke yangu?" alishangaa. "Mwacheni mgonjwa apate umbea." Alilala wodi ya pamoja, akawajua wagonjwa wote pamoja na wakwe zao. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Februari 2023, mdogo wake akiwa amemshika mkono na kumsimulia habari za mtaani.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na wadogo zake wanne. Wa mwisho kati ya wadogo hao ni yule kitindamimba. Familia inaomba orodha hii isomwe ikiwa na mtu mmoja zaidi: jirani wa ukutani, aliyesafiri siku mbili kuja kuzika, na ambaye ameketi leo katika safu ya ndugu. Aliulizwa mlangoni ni nani kwa Marehemu. Alijibu, "Ni dada yangu."

Apumzike kwa amani. Ndugu zake wote wapo hapa.